Matroni kwenye Kiti cha Mchungaji

Jamani, nitawasimulia, lakini tukubaliane kwanza: mkicheka, chekeni polepole, maana mimi mwenyewe bado sijafika mahali pa kuucheka mkasa huu. Mpaka leo nikishuka Koboko mjini na kumwona mtu aliyekuwa Ludara siku ile, najifanya natafuta kitu ndani ya mkoba, natafuta na kutafuta kama mtu aliyepoteza pete, mpaka apite. Video yenyewe ilizunguka kwenye simu za watu Arua nzima (mpwa wangu alitumiwa akiwa Kampala, akanipigia kuuliza, "Mama mdogo, huyu si wewe?", nikamwambia hapana, ni mtu tu anafanana na mimi). Niliaibika mimi Rehema, niliaibika mbele ya mchungaji, mbele ya wazazi wa watu, mbele ya mkubwa wangu wa kazi, na kibaya zaidi mbele ya wasichana ambao nawafungia mlango kila jioni na kuwafungulia kila asubuhi.

Mimi ni matroni wa hosteli ya wasichana kwenye chuo kimoja cha ualimu upande wa Mvara, Arua. Kama ungeniuliza kabla ya siku ile kazi yangu ni nini, ningekujibu bila kupumua: mimi ni mama wa pale. Msichana akiugua, nani anaamka? Mimi. Akiachwa na mpenzi akagoma kula, nani anampelekea uji na kujifanya hajui sababu? Mimi. Akifiwa na baba yake huko Midia na habari ikafika ofisini, ofisi inamtafuta nani aende akamwambie? Inanitafuta mimi, kwa sababu siku hiyo, kwa miujiza, walimu wote wana kipindi. Sasa mtu kama huyo si mama? Mungu hakunijalia mtoto wa tumbo, na nilikuwa nawaambia majirani zangu kwamba badala yake amenipa bweni zima (ndiyo, nilikuwa nayasema maneno hayo kwa sauti, mbele ya watu, na hakuna aliyenizuia).

Katika bweni hilo zima kulikuwa na msichana mmoja, Poni, Mkakwa wa Ludara, huko vijijini Koboko, mpole, mwenye sauti ndogo kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala. Mwaka wake wa pili homa ya matumbo ilimshika vibaya, tukampeleka hospitali, na kwao barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, kwa hiyo nikakaa naye mimi. Nilimwogesha, nilimfulia, nilimgeuza kitandani akiwa mwepesi kama kanga kavu, nikawa nasoma dua zangu kimya kimya huku Biblia yake iko pale chini ya mto, nikijiambia Mwenyezi Mungu atapanga mwenyewe ni yupi amsikilize. Alipona, akarudi darasani, akamaliza chuo, na wazazi wake wakaamua kufanya sherehe ya kushukuru, maana yeye ndiye wa kwanza katika ukoo ule kuwa mwalimu.

Basi siku moja nachambua maharagwe nje, simu inalia, ni Poni. Mtandao ulikuwa mbaya, sauti inakuja na kupotea. Nikamsikia anasema, "Matroni, lazima ukuje kwa sherehe. Bila wewe wazazi hawawezi kukubali. Utakaa na..." halafu ikakatika.

Hapo, ndugu zangu, ndipo pa kukamata. Mtu mwenye akili angepiga tena. Angeuliza: wazazi gani hawatakubali nini, na nitakaa na nani, wapi? Mimi sikupiga. Niliweka simu kwenye mfuko wa aproni nikaendelea na maharagwe huku machozi yananitoka ya furaha, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimeshaimaliza sentensi ile chenyewe: utakaa na wazazi. Wazazi wa Poni hawawezi kukubali sherehe ianze bila mimi, na nitakaa nao mbele. Niliogopa kupiga tena, nikidhani kuuliza kutapunguza utamu. Hilo tu. Kutopiga simu.

Kesho yake nikakutana na Bwana Acidri, mwalimu anayeshughulikia mambo yote ya wanafunzi pale chuoni, ambaye kwa kawaida ananisalimia bila kuondoa macho kwenye simu yake. Siku hiyo akasimama kabisa.

"Matroni, nimesikia unaenda Ludara kwa sherehe ya Poni."

"Naenda, mwalimu. Nitakaa mbele."

"Mbele, nyuma, mahali popote. Muhimu uwepo. Sasa mimi nimetulia."

Mnaona? Hata mkubwa wangu ametulia kwa sababu naenda! Nikaona heshima inazidi kupanda, nikampigia dada yangu mkubwa Kaltuma, ambaye anakaa Koboko mjini, na hapo ndipo jambo likatoka mikononi mwangu, kwa sababu Kaltuma ukimpa habari ya kijiko anairudisha sufuria. Nilimwambia nimealikwa kukaa na wazazi. Yeye akawaambia majirani kwamba mdogo wake ni mgeni rasmi. Nilipofika Koboko Ijumaa, nikakuta wanawake wamejaa uani, wamesuka vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi ambavyo sisi Wanubi tunavitoa kwenye harusi, wameoka, wamepaka hina, na kuna pikapu ya jirani, ya kubebea mihogo, imeoshwa na kufungwa vitambaa.

"Dada," nikamwambia, "hawa wote wanaenda wapi?"

"Wewe utaenda peke yako kama yatima?" akasema. "Wakakwa waone kwamba mama wa mtoto wao ana watu."

Ningeweza kusema hapana. Lakini niliwatazama wale wanawake, nikamwona Hajati Sauda, mzee ambaye masikio yake yamechoka lakini miguu bado inacheza, ameshavaa viatu tayari kwa safari ya kesho, nikawaacha waje. Na nikavaa. Jamani nilivaa! Nguo ya manjano iliyokoza, mtandio wa kumeta, bangili mpaka karibu na kiwiko. Kaltuma alinizunguka akasema naonekana kama jua la saa sita. Ni kweli, nilionekana kutoka mbali, na hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Tukafika Ludara Jumamosi mchana, pikapu inatimua vumbi, wanawake wanapiga vigelegele, Hajati Sauda anapiga ngoma. Watu wote waliokuwa chini ya turubai wakageuka. Wakawa wanatazama kwa adabu, kama watu wanavyotazama msafara uliokosea njia. Mbele kulikuwa na makochi yaliyotolewa ndani ya nyumba, yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na pale alikuwa amekaa mzee mmoja na mama mmoja mwembamba aliyefunga kilemba, nikajua hawa ni wazazi, na pembeni ya mama kulikuwa na kiti kimoja kitupu, kikubwa kuliko vyote. Nikasema moyoni, kile pale. Nikatembea katikati ya watu wote, bangili zinalia, nikampa yule mama mkono, akanipa wake na macho yake yakiuliza, nikakaa.

Kaltuma na wenzake wakapiga vigelegele tena. Hakuna aliyeitikia.

Kidogo hivi akaja mwanaume wa makamo, suti nyeusi, Biblia kwapani, akasimama mbele yangu. Nikamtabasamia. Akatabasamu. Nikadhani anataka kunisalimia, nikampa mkono, akaushika, akauachia, akaendelea kusimama. Ndipo emsii, yule msemaji wa sherehe, akashika maiki: "Tunaomba yule mama wa nguo ya manjano aachie mchungaji kiti."

Mimi nikageuka kutafuta mama wa nguo ya manjano. Naapa. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikamhurumia huyo mama, aibu gani hiyo kuondolewa kitini mbele ya watu.

"Ni wewe, mama," emsii akasema. "Ndiyo, wewe unayeangalia nyuma."

Watu wakacheka, na Kaltuma kutoka kule nyuma akasimama akapaza sauti, "Huyo ni mama wa chuo! Huyo ndiye amelea mtoto wenu!" Nikatamani awe bubu dakika ile ile. Nikainuka, mtandio wangu ukanasa kwenye kitambaa cha kochi, nikauvuta, kitambaa kikaja chote, chupa ya soda ya mzee ikaenda nacho. Suruali ya mzee ikalowa. Mchungaji, mtu wa watu, akaniambia taratibu, "Pole, mama," na nadhani huyo ndiye mtu pekee aliyenipa pole siku nzima.

Sasa nimesimama pale na kitambaa mkononi, akaja Bwana Acidri ameinama kama mtu anayepita mbele ya luninga, akanishika kiwiko akanipeleka pembeni.

"Matroni, unafanya nini hapa? Wasichana wako wapi?"

"Wasichana gani, mwalimu?"

Alinitazama kama ninaongea lugha ya ng'ambo. "Wasichana wa hosteli. Walioalikwa na Poni. Wanalala hapa leo, kwa shule ya msingi pale. Wazazi wao walikataa, wakasema hawakubali watoto walale Ludara bila matroni. Poni hakukuambia? Alisema amekupigia."

Bila wewe wazazi hawawezi kukubali. Utakaa na wasichana.

Na Acidri hajamaliza: "Wamekuja na lori kutoka Arua asubuhi, wasichana watupu, bila mtu mzima. Nikajua wewe uko nao. Kama lori lingeanguka, mimi ningesema nini? Na wewe unakuja na ngoma!"

Nikaondoka na nguo yangu ya manjano kuelekea kwenye madarasa ya ile shule, na kabla sijafika mlangoni nikasikia, "Matroni amekuja! Ficha! Ficha!" na miguu ikikimbia. Nilipoingia wote walikuwa wamekaa kimya kama picha, mto mmoja uko sakafuni, na Nyandeng, msichana mrefu kutoka Sudani Kusini, mwembamba kama mlingoti, ameweka mikono nyuma.

"Habari zenu, wanangu," nikasema.

"Nzuri, matroni," wakaitikia pamoja. Halafu mmoja akaongeza, "Matroni, choo iko na kufuli. Na maji hakuna."

Basi, kabla sijakaa, kabla sijapewa hata soda, nikaanza kazi. Nikazunguka na zile bangili kumtafuta mwenye ufunguo wa choo cha shule, nikampata nyumba ya mbali, nikarudi, nikachota maji kisimani na ndoo, na kila niliyekutana naye njiani alitazama nguo, akatazama ndoo, akatazama nguo tena. Lakini nitawaambia ukweli: katika saa ile nilikuwa nimetulia kidogo. Mikono yangu ilijua inafanya nini. Kama mkasa ungeishia hapo, leo ningekuwa nawaambia kwa kicheko.

Tuliporudi chini ya turubai, hotuba zilikuwa zinaendelea. Mzee alishukuru, Acidri alizungumza kwa niaba ya chuo, halafu Poni mwenyewe, mzuri kweli kweli, akashukuru walimu wake, akashukuru wapishi wa chuo, akamshukuru hata dereva wa lori aliyewafundisha wasichana wimbo njiani. Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na nguzo, nikisubiri. Akasema, "Na sasa marafiki zangu wa hosteli wametayarisha igizo kidogo la maisha yetu kule Mvara."

Nyandeng akatokea. Ule mto ulikuwa tumboni, mwingine nyuma, mtandio kichwani umefungwa kama ninavyofunga mimi, rundo la funguo mkononi, na akatembea, jamani, akatembea ule mwendo wangu ambao sikujua kwamba ni mwendo, wa bata aliyechelewa. Kabla hajafungua kinywa wasichana wote walikuwa wanalia kwa kicheko.

"Nani anapika chai na umeme? Nitajua! Mimi pua yangu iko macho!" Akatikisa funguo. "Na wewe, huyu mwanaume kwa geti ni nani? Kaka yako? Kaka gani? Wiki jana kaka alikuwa mrefu!"

Turubai zima likaangua kicheko. Mchungaji alicheka akatoa leso. Mama wa Poni alicheka akifunika mdomo. Acidri alikuwa anapiga paja. Kaltuma, dada yangu wa tumbo moja, alikuwa amemlalia Hajati Sauda begani, hawezi kupumua, mpaka alipogeuka akaniona uso, kicheko kikamkatika katikati.

Na mimi nikasubiri, mnajua nasubiri nini? Nasubiri sehemu ya hospitali. Nikasema igizo ni la maisha ya hosteli, basi sasa hivi huyu matroni wa mito atakaa kitandani pembeni ya mgonjwa. Sehemu hiyo haikuja. Nyandeng alifunga mlango wa hewani, akafungua, akafunga, akatikisa funguo, akainama, wakapiga makofi, ikaisha. Kumbe ndiyo yote. Miaka yangu yote pale ni funguo na pua.

Emsii, mtu wa furaha yule, akaita, "Matroni mwenyewe iko? Aje apunge mkono!"

Kupunga mkono tu. Ndicho nilichoombwa. Lakini nilipofika mbele na maiki ikawa karibu na mdomo wangu, nikaishika, na simu zilizokuwa zinarekodi igizo zikanigeukia. Nilisema sijui nini mwanzo, nafikiri niliwasalimia. Kisha nikajisikia nasema, na vipaza sauti vinaitawanya sauti yangu mpaka kule kwenye mashamba: "Mimi si mfunga mlango. Mimi ni mama yao. Hawa wote nimewalea. Nani hapa sijamkalia akiwa mgonjwa? Nani sijamfuta machozi? Wale niliowalea, simameni watu wawaone!"

Hakuna aliyesimama.

Niliwatazama mmoja mmoja. Huyu nilimkanda tumbo mwezi mzima. Huyu nilimpeleka Midia kwenye msiba wa baba yake. Walitazama viatu vyao. Mmoja alicheka kwa pua, si kwa ubaya, kwa woga tu, kama watoto wanavyocheka mwalimu akikasirika. Nyandeng, akiwa bado na mto tumboni, aliinuka nusu, mwenzake akamvuta sketi, akakaa.

"Simameni," nikasema tena, na safari hii haikuwa amri, ilikuwa ombi, na kila mtu alisikia kwamba ni ombi.

Ndipo Hajati Sauda akasimama. Nikadhani amenihurumia. Kumbe masikio yake yalikuwa yameshika neno moja tu, simameni, naye alikuwa na njaa tangu asubuhi, akajua wageni wameitwa kula. Akanyanyua sahani yake aliyokuja nayo kutoka Koboko akaelekea kwenye meza ya chakula. Wanawake wetu wakamfuata. Wapiga ngoma wakaona wageni wanakwenda, wakafuata. Wazee wakafuata, watoto wakakimbia, viti vikaanguka, na emsii anapiga kelele, "Bado! Bado! Maombi bado!", na mchungaji amesimama na mkono mmoja hewani na macho ameshafumba, na mimi katikati, maiki mkononi, watu wananipita kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe. Maombi ya kushukuru, ambayo ndiyo yalikuwa sababu ya sherehe nzima, hayakuombwa. Baba wa Poni alibaki amekaa peke yake kwenye kochi na suruali yake yenye soda. Na Poni alikuwa analia.

Nilimfuata nyuma ya jiko. Alikuwa na mama yake, na mama akamwuliza kwa Kikakwa (Kikakwa nakisikia vizuri, nimezaliwa Koboko), "Huyu mwanamke hasa ni nani?"

Poni akajibu, akifuta macho, "Ni matroni wa hosteli, mama. Anafunga mlango."

Mama akaniangalia, akaona labda nina njaa, akaingia jikoni akanitolea sahani ya wali na nyama, akaniwekea juu ya kinu, akaondoka kurudi kwa wageni. Tukabaki wawili.

"Matroni," Poni akasema, "kwa nini umenifanyia hivi? Baba amengoja siku hii muda mrefu."

"Nilidhani umeniita kama mama. Simu ilikatika, nikadhani..."

"Lakini mama yangu ni yule."

"Ulipokuwa hospitali, Poni. Nani alikuogesha? Nani alilala sakafuni?"

Alikuwa anafikiri kweli, nilimwona anafikiri, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. Halafu akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo, bila dharau hata chembe, "Lakini, matroni, si ilikuwa kazi yako?"

Angenitukana ingekuwa nafuu. Tusi ningelijibu. Swali lile nimelibeba mpaka leo na sijapata mahali pa kulitua, kwa sababu ni kweli, ilikuwa kazi yangu, nilikuwa nimeajiriwa kufanya hivyo, na yeye alinilipa kwa namna ambayo wanafunzi wanajua: alipona, akafuata sheria, hakupika chai na umeme. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu vitu ambavyo yeye hakujua vinahesabiwa. Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Ilikuwa kazi yangu. Nenda ukanawe uso." Akaenda. Wali sikuula.

Pikapu iliondoka na wanawake wa Koboko kabla giza halijaingia, bila vigelegele, Hajati Sauda peke yake akiwa na furaha na kusifu nyama. Kaltuma alitaka nipande nao. Nikamwambia siwezi, nina wasichana. Nikalala pale shuleni, mkeka wangu ukiwa umeziba mlango, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nimeitiwa, na hakuna msichana hata mmoja aliyetoka.

Jumatatu kukawa na kikao cha wafanyakazi, na Acidri akaleta jambo la Ludara mezani (hakulileta kwa ukali, nimtendee haki, alikuwa kama mtu aliyechoka). Akauliza wote waliokuwepo, "Hebu tusaidiane, kazi ya matroni ni nini hasa?" Mmoja akasema usalama. Mwingine akasema usafi. Mwalimu wa hesabu akasema ni kuhakikisha wasichana hawapati mimba kabla ya mtihani, watu wakacheka. Mpishi mkuu, ambaye tunakunywa chai pamoja kila asubuhi, akasema, "Ni kama askari, lakini mwanamke." Wakanigeukia mimi. "Matroni, wewe unasemaje?" Nilifungua mdomo. Lile neno langu la zamani lilikuwa pale, tayari, kwenye ncha ya ulimi, na sikuweza kulitoa. Nikasema, "Hivyo hivyo walivyosema." Kikao kikaendelea na habari za tangi la maji.

Bado nafanya kazi ile ile. Wasichana wapya wameingia, na wao pia wameshaiona ile video, najua, kwa sababu nikipita na funguo kuna anayekohoa ili asicheke. Akiugua mmoja naamka, naenda, namwogesha. Sijui kufanya vinginevyo. Ila simwiti tena mtu yeyote mwanangu, na nimejiwekea nadhiri moja: sitakwenda tena kwenye shughuli ya mwanafunzi, iwe arusi, iwe shukrani, iwe msiba, kabla sijauliza na kujibiwa kwa maneno yanayoeleweka ni nani anayealikwa ndani yangu.

Wiki iliyopita msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja mlangoni kwangu na kadi ya arusi ya dada yake. "Matroni, tafadhali ukuje."

Nikamshukuru. Nikamwuliza, "Nakuja kama nani?"

Akacheka kidogo. Akaitazama kadi, akanitazama mimi, akaitazama kadi tena. Kisha akasema atauliza nyumbani.